Hakuna Kuinuka Mkekani

Kilwa Kivinje
2 Machi 1952

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Natumaini lori halikuwatesa, na Kudra hakutapika njiani kama ile safari ya Nangurukuru, alipomchafulia mzee wa watu kanzu yake na marehemu kaka yako akaifua kisimani huku watu wanamtazama.

Tangu mwondoke nyumba imenyamaza. Mama yangu yuko nami, na maneno yake unayajua hayaishi, lakini maneno ya mtu mzima hayajazi nyumba. Mimi hata kisimani siendi. Eda ni miezi minne na siku kumi, na kaka yako Kibwana hata arobaini yake haijafika. Ulipompandisha mtoto lorini nilikuwa nyuma ya dirisha. Sikutoka. Mama anasema Kudra alikuwa anaangalia mlango.

Ulifanya vyema kumchukua, sisemi vingine. Hapa alikuwa anaona watu wanalia tu, na mimi mwenyewe nilikuwa simpi hata uji kwa wakati. Basi nikueleze mambo yake. Pweza hali, anasema anamwangalia. Nywele usimsuke akiwa na njaa. Usingizi ukimjia hushika sikio la mtu aliye karibu naye, si lake. Mpe lako.

Ndani ya nguo zake nimetia ule ubao wa dadu ambao baba yake alimnunulia Idi iliyopita, kule dukani alikokuwa akishona. Kete zake zenyewe zilipotea zamani, tunatumia vifungo vya mashati. Chekundu cha Kudra, cheupe changu, cheusi cha baba yake. Dadu zilikuwa mbili. Moja nimempa, moja nimebaki nayo.

Homa ilipomshika Kibwana tulikuwa katikati ya mchezo. Yeye alibakiza vyumba viwili tu kuingia kati, akawa anataka mbili kamili, isizidi isipungue. Mimi alikuwa amenila siku ileile akanirudisha kibandani, akacheka mpaka akakohoa. Kudra hajatoka kibandani tangu tuanze, maana bila sita kete haitoki, na sita inamkimbia mtoto huyu. Kaka yako alikuwa na sharti lake: hakuna kuinuka mkekani mpaka kete zote zimefika kati, anayeinuka amewakimbia wenzake. Siku ile akainuka yeye. Akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala.

Sasa Kudra aliniuliza kwa nini siendi naye Lindi. Eda sikujua nimweleze vipi. Nikamwambia mama yuko kibandani kama kete, na wewe uko kibandani, na kila barua tutarusha mara moja, mimi huku na wewe huko. Siku utakayotoa sita kete yako itatoka, na mama naye atatoka aje akuchukue. Nimeona ni neno la kumtuliza mpaka eda iishe. Basi nakuomba arushe mbele yako, uniandikie imetoka ngapi.

Mimi nimepata tatu. Ya baba yake asirushiwe na mtu. Ameambiwa baba amesafiri, mwacheni hivyohivyo.

Nisamehe mwandiko. Darasa la nne nililiacha nusu.

Wifi yako,
Sada


Lindi
11 Machi 1952

Wifi Sada,

Marahaba. Najiandikia mwenyewe. Shemeji yako Abdulrahmani nikimwachia kalamu atakuandikia kama anaagiza magunia ya chumvi.

Mtoto hakutapika. Aliyetapika ni mimi, na ukimwambia mtu nitakukana. Amefika, ameoga, amelala, na mashavu yanaanza kurudi, maana huku anakula wali uliopikwa, si ule wako unaogongana sahanini kama kokoto. Na pweza amekula. Nimemkata vipande vidogo, hakuona cha kumwangalia.

Sikio langu la kushoto limechubuka.

Barua yako tumemsomea. Amerusha. Imetoka nne. Basi kete iko palepale kibandani.

Amelipenda baraza letu. Akishakunywa uji hukaa pale akaangalia malori yanavyopita kwenda huko kwenu. Kumwingiza ndani ndiyo kazi yangu ya kila siku. Usiwe na wasiwasi juu yake, kaa eda yako kwa utulivu, umwombee mwenzio.

Mimi wifi yako usiyenipenda,
Mwahija


Kilwa Kivinje
24 Machi 1952

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Jana tumesoma arobaini ya Kibwana, watu wamekuja, hata kutoka Somanga. Umeombewa radhi wewe uliyekosa kuwepo.

Nne si mbaya. Nimefurahi kusikia amependa baraza, hapa alikuwa mtoto wa uani tu. Akiona malori huwa anayapa majina. Mwulize, atakuambia lipi mume lipi mke.

Nilichora ubao wangu kwa mkaa sakafuni, kwenye pembe ya chumba, na juu yake nikatandika mkeka. Mama akaufagia mkeka akauona. Akasimama pale na ufagio. "Sada, nyumba ya msiba umeifanya nyumba ya kamari?" Nikamwambia si kamari, mama, hakuna kinachowekwa. Akasema, "Mjane kwenye eda, dadu mkononi. Mtu akichungulia hapo atakuelewa vipi?" Nikamweleza kwamba ni mimi na Kudra, kwamba ndiyo namna yangu ya kumshika mkono. Akafagia, akafagia. Alipofika mlangoni akauliza, "Umetoa ngapi?"

Moja, wifi. Mwambie Kudra mama ametoa moja, amcheke.

Anamwuliza baba yake? Akiuliza mwambie bado yuko safarini. Nitamwambia mwenyewe nikitoka. Jambo hilo sitaki asikie kwenye karatasi.

Sada


Lindi
12 Aprili 1952

Wifi Sada,

Marahaba. Mvua zimetuangukia kwelikweli. Shemeji yako anahamisha chumvi kutoka pembe hii kwenda pembe ile kama paka anayehamisha watoto.

Kudra mzima. Amerusha, mbili. Ubao uko juu ya kabati, panya wasiule.

Baraza ameliacha. Sasa yuko nami jikoni. Amejifunza kukuna nazi, mbuzi amemkata kidole kidogo tu, amelia kidogo tu. Nimemshonea gauni la maua ya njano kutokana na kitambaa nilichokuwa nimekiweka miaka kwa jambo ambalo halikutokea. Limemkaa vizuri.

Juzi aliniita mama. Ulimi umemteleza. Nikacheka, naye akacheka. Nakuambia usije ukasikia kwa mtu.

Baba yake hamwulizi.

Mwahija


Kilwa Kivinje
30 Aprili 1952

Wifi yangu Mwahija,

Shikamoo. Barua yako imechelewa mno. Wanasema Mto Mbwemkuru umejaa, malori yamelala huku na huku, na posta inangoja kama mimi.

Nimecheka kusikia amekuita mama. Watoto ndivyo walivyo, hata mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa akimwita baba. Nimecheka, mama yangu akaniuliza nacheka nini, nikamwambia, akaniangalia akaenda kuchochea moto. Gauni la njano nalifikiria. Nilikuwa simvalishi njano, nikidhani haimfai. Kumbe ningejaribu.

Sasa nikuambie jambo. Juzi nimetoa sita. Nilirusha nikiwaza mengine, ikazunguka ikagonga ukuta ikatulia, sita juu. Nikaichukua kete yangu nikaitoa kibandani. Kisha nikabaki nimekaa. Mlango ulikuwa wazi, nje watu wanapita na samaki wao, na mimi na sita yangu sina ninapoweza kwenda.

Usimwambie, wifi. Akisikia nimetoa sita atanitazamia. Mwambie mama ametoa tano. Kete yangu nimeirudisha ndani.

Nakuomba kitu kimoja. Mshikishe kalamu, uweke mkono wake juu ya karatasi uzungushie, uniletee. Nataka kuona umekua kiasi gani.

Sada


Lindi
19 Mei 1952

Kwa shemeji yangu Bibi Sada,

Assalamu alaikum. Naandika nikiwa dukani. Mwahija hajui, na naomba asijue kwa sasa. Nimejizuia muda, lakini Ramadhani inaingia na sitaki kufunga nikiwa na jambo hili kifuani.

Ni ile dadu. Barua yako ya kwanza tulimsomea mtoto sote wawili. Mwahija akamtandikia mkeka, mtoto akarusha. Ilitoka sita. Mara ya kwanza, shemeji, mbele ya macho yangu. Kabla hatujasema neno ameshainuka. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akavaa viatu, akaenda kukaa barazani. Nikamwuliza, unakwenda wapi, mama? Akasema, "Mama anakuja." Mwahija akamwambia mama yako hawezi kuja leo, yuko eda. Akasema, "Nimetoa sita."

Alikaa pale mpaka soko likafungwa. Kesho yake tena, na kanga yake magotini. Chakula alikuwa hataki kuja kula ndani, akiogopa lori litapita hayupo. Kila lori lililotoka upande wa Kilwa alisimama. Wenye maduka wakaanza kumjua. Mmoja akamtania, "Bado hajafika huyo mgeni wako?" Akamjibu, "Mama si mgeni."

Mvua zilipoanza tulimwingiza kwa nguvu. Siku moja tukasikia kimya. Alikuwa amekwenda chooni, ameitupa dadu shimoni, akarudi akanawa mikono, akakaa karibu na Mwahija akaomba nazi akune. Tangu hapo hajakutaja. Ukitajwa anatoka chumbani.

Ile nne uliyoandikiwa, na ile mbili, hakuna aliyezirusha. Mwahija alizitunga. Usimfikirie ubaya mtupu. Nilimwuliza, akanijibu, "Nimwandikie sita afanye nini, avunje eda?" Hilo ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba mtoto anamwita mama kila siku, naye anaitika.

Mimi mwuza chumvi sijui dawa ya jambo hili. Nimeona tu usiendelee kurusha peke yako.

Shemeji yako,
Abdulrahmani


Kilwa Kivinje
31 Mei 1952

Shemeji Abdulrahmani,

Waalaikumu salaam. Ramadhani njema kwenu. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoimaliza nikajikuta nimeshika komeo la mlango.

Nilimwambia mama nakwenda Lindi. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia Kudra alitoa sita. Akanishika paji la uso akidhani nina homa. Nilipomweleza yote akajifunga buibui akaenda yeye kwa mwalimu kuniulizia. Mwalimu hakufanya ukali. Akasema mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana akarudi kulala nyumbani kwake, lakini Lindi si mahali pa kwenda na kurudi kabla ya magharibi. Akaniombea dua. Mama akarudi, akasema pia watu wa posta wamesema barabara bado haijafunguka. Basi hata ningeivunja eda, ningeivunjia kwenye matope ya Mbwemkuru, wala kwa Kudra nisingefika.

Kila ninaposhika kitu nakiona kile kifurushi chake cha kanga. Alivaa viatu vipi? Vile vyeupe vinambana.

Na mimi nilipata sita, shemeji. Nikamwomba Mwahija aseme tano. Tulikuwa wawili tunamficha mtoto sita. Kwa hiyo usimgombeze Mwahija, na wala usimwambie nimejua. Sita ningeifanyia nini, kweli.

Ila nakuomba umwambie Kudra maneno haya, akitoka chumbani mfuate nyuma umwambie: sita yako ilikuwa ya kweli. Hukukosea kurusha. Ni mama aliyesema neno asiloliweza. Eda inaisha kabla ya Idi, na barabara ikifunguka nakuja kwa lori la kwanza, bila dadu, bila sharti.

Akikujibu chochote, hata kibaya, niandikie.

Sada


Lindi
12 Juni 1952

Wifi Sada,

Shemeji yako ni mwanamume asiyeweza kuficha hata bei ya chumvi. Barua yako aliitia chini ya mzani, na mzani naufuta mimi.

Umeandika nisigombezwe. Ungenigombeza ningejua pa kushika. Sasa nimekaa na upole wako huu nazunguka nao jikoni, futari imeungua siku mbili.

Niambie wewe. Ningekuandikia sita, ungefanya nini? Ungelia huko, mtoto analia huku, na mto katikati. Niliandika nne nikasema barua ijayo nitasema kweli. Barua ijayo ikawa mbili. Wakati huo alikuwa ameshaacha kulia, wifi, ameanza kuimba akikuna nazi, nikaogopa kugusa.

Na jingine nalisema kwa kuwa nimefunga. Nimeolewa miaka mingi. Sikio langu hili halikuwahi kushikwa na mtu mwenye usingizi. Mtoto akiniita mama naitika, ndiyo. Ningesema nini? "Mimi si mama yako, mama yako hakuja"?

Shemeji yako alimwambia maneno yako. Alimfuata mpaka uani akamwambia yote. Kudra akamjibu, "Naosha vyombo." Hivyo tu. Ndilo jibu.

Eda ikiisha njoo, mlango uko wazi. Ila usinitake nimshike mkono nikautie mkononi mwako. Akiinuka mwenyewe, na aende.

Safari hii hajarusha. Dadu hakuna. Hiyo ndiyo kweli yake.

Mkono wake huu hapa, nimeuzungushia kwa kalamu kama ulivyotaka. Alipoona ni barua yako alitaka kuuondoa, ndiyo maana kidole gumba kimepinda.

Mwahija


Kilwa Kivinje
8 Julai 1952

Wifi Mwahija,

Nimefika nyumbani kutoka kwenu Lindi. Lori liliharibika karibu na mto, nikalala kwa watu wema, mama alikuwa ameshaanza kuniombolezea.

Siku ile ulipotuacha mimi na Kudra ukaenda jikoni ulifanya vizuri, na nakushukuru. Lakini kwa kuwa ulikuwa jikoni hukuona, na nataka ujue, maana wewe ndiye uliye naye.

Aliniamkia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mtu aliyekuja kupima chumvi. Gauni la njano linamkaa vizuri kweli. Nikamwambia aje nimwone kidole kilichokatwa na mbuzi, akanionyesha akiwa mbali. Nikatandika mkeka, sikuchukua ubao, nikakaa tu. Baadaye akakaa na yeye, pembeni kabisa, miguu nje.

Nikamwambia habari za baba yake. Nilisema hakusafiri, amekufa, na mama alikuwa amekaa ndani kwa ajili hiyo, ndivyo wanavyokaa wanawake waliofiwa na waume zao. Sikujua kama anasikia. Alikuwa anang'oa ukindu mmoja wa mkeka wako, utaona pamelegea. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hatarusha?" Nikasema hatarusha. Akasema, "Alibakiza mbili." Nikasema ndiyo, alibakiza mbili. Akainuka akaja kwako jikoni akashika nguo yako, na nilisikia ulivyomwuliza una nini.

Nilipolala naye sikuguswa sikio. Alishika lake mwenyewe.

Asubuhi ya lori, Abdulrahmani alipombeba mpaka ubavuni mwa lori, mlidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alijikaza kama ubao, macho nyuma kwenye mlango wako. Ningeweza kumpokea. Mtoto wa umri ule hana nguvu, na hakuna ambaye angenizuia, hata wewe usingenizuia, nilikuona umeugeuzia ukuta uso. Mikono nilikuwa nimeshaiinua. Nikaona macho yake. Mara ya kwanza aliondolewa hapa akiangalia mlango wangu nami nikamwacha. Sasa nimwondoe kwako akiangalia mlango wako? Nikamwambia shemeji mrudishe ndani. Utingo akanicheka, "Mama, umesahau mzigo?" Nikapanda lorini.

Usidhani nimekupa, wifi. Sikukupa. Sijui nimefanya nini, ila kukupa sikukupa. Mama yangu hajanisemesha tangu nirudi. Analala upande wa ukuta.

Dadu yangu nimeiacha kwenye ubao wenu, juu ya kabati, karibu na kile kifungo cheupe. Huku sina cha kurusha tena. Ule ubao wa mkaa nimejaribu kuusugua sakafuni haukutoka wote. Akitaka, arushe, na mimi anirushie yeye. Asipotaka usimlazimishe, wala usimsemeshe juu yangu. Wewe niandikie tu kitakachotoka. Hata kama ni hakuna, niandikie hakuna, nitaifungua barua nikijua ni ya kweli.

Sada


Lindi
26 Julai 1952

Wifi Sada,

Marahaba. Shikamoo umesahau kuiandika, lakini nimeihesabu.

Kwa muda hakuna. Nilikuwa nakaa na kalamu nikuandikie hakuna, naahirisha. Dadu niliishusha kutoka kabatini nikaiweka dirishani, mahali anapoweza kuifikia, nikajifanya sioni. Anapita pale akiikwepa kama kaa la moto. Shemeji yako kila akirudi dukani ananiuliza kwa macho, namjibu kwa macho.

Jana nilikuwa uani napeta mchele. Nikasikia kitu kimegonga sakafu.  Mara akaniita, "Njoo uone mwenyewe, maana wewe unaandika uongo."

Niliacha ungo nikaingia. Wifi, alikuwa ametandika mkeka peke yake, ubao katikati, na vifungo vyote vitatu mahali pake. Kile cheusi alikiweka palepale ulipotuandikia, vyumba viwili kabla ya kati. Mimi nisingekumbuka. Dadu ilikuwa imetulia karibu na goti lake. Ni mbili. Niliinama nikaitazama kwa karibu, na shemeji yako alipokuja kula nikamwita akaitazama na yeye, ilikuwa bado palepale, hakutaka iguswe. Ni mbili kweli.

Nikamwambia, mwanangu, mbili haikutoi kibandani. Akasema, "Si yangu."

Ulisema ya baba yake asirushiwe na mtu, nikataka kumzuia, nikaona sina mdomo huo. Akakichukua kile cheusi akakisogeza, moja, mbili, akakiweka kati.  Akasema, "Baba amefika." Hakulia. Mimi nilirudi uani kidogo, mchele ulikuwa unamwagika.

Nilipopakua nikamwita tule. Hakuja. Nikaenda nikamkuta amekaa vilevile, miguu ndani ya mkeka, chekundu na cheupe kila kimoja kibandani kwake. Nikamwambia inuka, wali unapoa. Akasema hakuna kuinuka. Nikamwuliza mpaka lini.

Akasema, "Bado mama."

Sahani nimempelekea palepale mkekani.

Mwahija